Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Wakaguzi waje jioni, na wakae

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya afya na ustawi wa jamii,

Kwa heshima zote, nakuandikia nikiwa muuguzi ninayehudumia watu wenye dimensia, yale maradhi ya ubongo yanayomla mtu kumbukumbu, maneno na uamuzi wake, katika makao wanakoishi usiku na mchana. Barua nimeiacha wazi kwa sababu wenye jambo hawawezi kukuandikia wenyewe, na ndugu zao wengi hukaa kimya. Wanajua kwamba wakishalalamika na kuondoka, mzee wao anabaki mikononi mwa walewale waliolalamikiwa.

Nina ombi moja, na mengine yote yanatoka humo. Viwango vya makao haya vipime saa za mkazi: nani alizungumza naye, alikula vipi, alipewa dawa gani na kwa nini, alinyanyuliwa kwenye kiti mara ngapi. Kwa sasa tunachopima zaidi ni jengo na mafaili.

Mkaguzi akija, taarifa huwa imemtangulia. Sakafu inapigwa deki tangu alfajiri, mashuka mapya yanatolewa kabatini, wahudumu wa zamu ya usiku wanaombwa wabaki ili tuonekane wengi. Anahesabu vitanda, anatazama mitungi ya kuzimia moto, anapekua vyeti, anasaini kitabu cha wageni na kuondoka kabla ya saa 8 mchana. Sidharau kazi hiyo. Moto ukizuka, mlango wa dharura ndio utakaotuokoa. Ila mtu anaweza kulala kwenye shuka jeupe na bado akashinda kwenye kiti kimoja tangu asubuhi mpaka giza linaingia, bila kusemeshwa neno zaidi ya "fungua mdomo". Hakuna fomu inayouliza hilo. Ukaguzi wa namna hii ni funika kombe mwanaharamu apite.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia, na kila mwaka wanaongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dawa ya kuponya haijapatikana. Kwa aliyefika hatua za mbele, namna anavyoogeshwa, anavyolishwa na anavyosemeshwa ndiyo sehemu kubwa ya matibabu yake, na sheria ingepaswa kuitazama kwa uzito uleule inaokipa chumba cha upasuaji.

Nikueleze kisa kimoja. Katika makao ambayo sitayataja aliishi mama mmoja mtu mzima ambaye maneno yalikuwa yamemwishia karibu yote. Kwenye faili lake iliandikwa kwamba ni mgomvi, anapiga wahudumu wakati wa kuoga, apewe dawa ya kumtuliza usiku. Akapewa. Baada ya wiki chache ugomvi ulipungua, na kila kitu kingine kikapungua pamoja nao: akawa analala mchana kutwa, udenda unamtoka, miguu anaiburuta, mwishowe akaanguka njiani kuelekea chooni. Aliyemwokoa ni mhudumu mgeni, binti ambaye hata mafunzo alikuwa hajayamaliza. Aligundua kwamba mama huyu hapigi hovyo. Anapiga pale mkono wa kushoto unapoinuliwa kuingizwa kwenye gauni, na kabla ya kupiga, uso unakunjamana. Bega lilikuwa bovu, na hakuwa tena na neno la kulisemea. Tukaanza kumpa parasetamoli muda mfupi kabla ya kuoga. Tukawa tunavalisha mkono unaouma kwanza na kuuvua mwisho, kama anavyofundishwa kila mwanafunzi wa uuguzi. Kupiga kukakoma, na daktari akaanza kuipunguza ile dawa ya usiku kidogo kidogo.

Jambo hilo halikuwa la mama yule peke yake. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Norway katika makao 18, kwa wakazi 352 wenye dimensia ya kiwango cha kati au kikali, ambao wote walikuwa wakihangaika au kuwa wakali. Kundi moja lilitibiwa maumivu kwa utaratibu wa hatua kwa hatua, na wengi wao walipewa parasetamoli tu. Katika wiki 8 fadhaa yao ilipungua kwa asilimia 17 ukilinganisha na wenzao. Zipo fomu fupi za kumpimia maumivu mtu asiyeweza kujieleza, kwa kutazama pumzi, uso, sauti na jinsi mwili unavyokakamaa. Kuzijaza ni kazi ya dakika chache. Naomba ziwe lazima kabla ya dawa yoyote ya kumtuliza mkazi kuandikwa.

Dawa hizo zina historia ambayo ofisi yako inapaswa kuwa nayo mezani. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake kali kuliko yote, kwamba dawa za kizazi kipya za kutibu magonjwa makali ya akili huongeza vifo zikitumiwa kwa wazee wenye dimensia. Mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi dawa za zamani za kundi hilohilo. Kisha mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee akaiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyowashtua wengi: katika watu wapatao 180,000 wenye dimensia waliokuwa wakipewa dawa hizi kila mwaka, waliofaidika kwa kiasi fulani hawakuzidi 36,000, na vifo vya ziada vilikuwa kama 1,800 kwa mwaka. Sisemi zipigwe marufuku. Yupo mkazi anayeona vitu vya kutisha usiku kucha, au aliye hatarini kujiumiza na kuumiza wenzake, na huyo anaweza kuzihitaji kwa muda. Lakini dawa inayoanzishwa bila sababu kuandikwa, bila ndugu kuelezwa, na bila tarehe ya kuangaliwa upya, hiyo haiko pale kwa ajili ya mgonjwa. Mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa apimwe upya walau kila baada ya wiki 6. Nasi tuandike hivyo, na mkaguzi afungue chati za dawa ahesabu waliopitiliza.

Kufunga watu kunatoka kwenye shina hilohilo. Sitaki kuzungumzia kamba tu, maana kamba wengi tumeshaziacha. Siku hizi mtu hufungwa kwa khanga au shuka inayopitishwa kiunoni na kukazwa nyuma ya kiti, kwa meza inayobanwa mbele yake, kwa breki ya kiti cha magurudumu asiyoweza kuifikia, au kwa kukalishwa kwenye kochi lililozama kiasi kwamba hanyanyuki. Tunaambiwa ni kwa usalama wake asianguke. Anayefungwa misuli inamlegea, anapata vidonda vya mgandamizo, na siku akifunguliwa huanguka vibaya zaidi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1987 inayompa mkazi haki ya kutofungwa kwa vifaa wala kwa dawa kwa ajili ya kumwadhibu au kumrahisishia mfanyakazi kazi. Maneno hayo, "kumrahisishia mfanyakazi kazi", ningependa kuyaona kwenye kanuni zetu, kwa sababu ndipo ukweli ulipo.

Naomba usisome hapo kwamba wahudumu ni watu wabaya, Mheshimiwa. Mhudumu mmoja anayebaki usiku na ukumbi mzima, huku watatu wanataka choo kwa pamoja na mmoja anasukuma mlango akitaka kwenda kwa mama yake aliyefariki zamani, atatafuta njia yoyote ya kupata utulivu. Ninyi mnaoweka viwango ndio mnaoweza kumwongezea mwenzake. Australia iliunda tume ya kifalme iliyochunguza huduma za wazee kuanzia 2018 na kutoa ripoti ya mwisho mwaka 2021. Kutokana na kazi hiyo, Oktoba 2023 makao yalitakiwa kisheria kufikia wastani wa dakika 200 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, 40 kati ya hizo zikiwa za muuguzi aliyesajiliwa, na Oktoba 2024 zikapanda hadi 215 na 44. Hesabu inawezekana kuwekwa kwenye sheria, ikapimwa, na ikachapishwa.

Dakika hizo zikisomwa haraka zinaonekana nyingi. Chukua chakula peke yake. Mtu ambaye kumeza kumekuwa kugumu anahitaji kukalishwa wima, kijiko kidogo, asubiriwe ameze kabisa kabla ya kingine, apewe maji kwa vifunda, kisha abaki ameketi baada ya kumaliza. Mara nyingi ni nusu saa au zaidi. Mhudumu mwenye wakazi wanne wa namna hiyo na muda wa saa moja kabla ya vyombo kukusanywa atafanya nini? Ataharakisha. Mkazi atapaliwa, chakula kitaingia mapafuni, na wiki inayofuata ataugua nimonia. Au atafunga mdomo, na kwenye daftari la zamu itaandikwa "amekataa chakula". Nimesoma sentensi hiyo siku baada ya siku kwa mtu mmoja huku uzito wake unashuka, na hakuna aliyemfunua mdomo kuangalia meno. Uzito upimwe kila mwezi, na anayepungua achunguzwe na aandikiwe mpango.

Kuna jambo jingine dogo linaloua kimyakimya. Mkazi anayebadilika ghafla, jana alikuwa anatembea na kuimba, leo amezubaa au anaropoka, huyo ana ugonjwa mwingine mpaka ithibitike vinginevyo: maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu cha siku nyingi, upungufu wa maji, au dawa mpya. Wengi husema "dimensia imepanda" na kumwacha. Dimensia ya kawaida haipandi kwa siku moja. Kanuni iseme aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo.

Kuhusu mafunzo nitakuwa mfupi. Semina ya siku moja yenye cheti mwishoni haibadilishi kitu. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza katika makao 69, matokeo yake yakatolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mhudumu akifundishwa kazini kwa miezi kadhaa, akamjua mkazi kama mtu mwenye historia yake, na mkazi akapata walau saa moja ya mazungumzo na shughuli anazozipenda kwa wiki, fadhaa inapungua na maisha yanakuwa bora. Saa moja kwa wiki! Inasikitisha kwamba hata hiyo ilikuwa nyongeza.

Sasa nirudi kwa wakaguzi wako. Katika Chuo Kikuu cha Bradford, marehemu Tom Kitwood na wenzake walitengeneza njia ya kukagua ambayo haihitaji mashine yoyote. Mtazamaji aliyefunzwa anakaa kwenye ukumbi wa wakazi kwa saa kadhaa, na kila baada ya dakika 5 anaandika kila mmoja anafanya nini na hali yake ya moyo ikoje. Anaandika pia mhudumu anapompita mtu kama samani, au anapopiga magoti amtazame usoni kabla ya kumgusa. Wakaguzi wa Uingereza wana njia fupi ya namna hiyo wanayoitumia wanapokwenda kwenye makao. Huwezi kuigizia mtu akiwa amekaa hapo saa tatu. Ukarimu wa kujifanya huchoka mapema.

Waje bila taarifa, na waje jioni. Kuanzia saa 11 hivi wakazi wengi wenye dimensia huanza kuhangaika, zamu inabadilishwa, chakula kinagawiwa, na ndio wakati wafanyakazi ni wachache. Atakayeiona saa hiyo ameyaona makao yenyewe. Wasisahau usiku na siku za mapumziko.

Na milango ibaki wazi kwa ndugu. Wakati wa janga la UVIKO-19 tuliona nchi nyingi zikifunga makao, na watu walioachwa bila sura wanayoifahamu wakaacha kula na kuzungumza. Nilielewa sababu yake, lakini kumtembelea mkazi kuandikwe kuwa ni haki yake, pamoja na njia ya kulalamika nje ya makao ambayo haimtaji mlalamikaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 16, unazitaka serikali zihakikishe vituo vya kuwahudumia watu hawa vinafuatiliwa na vyombo huru. Chombo kinachotoa leseni na kujikagua chenyewe hakijafikia hapo.

Mheshimiwa, ninachoomba kinaweza kuanza na agizo lako: ukaguzi wa kushtukiza wa jioni, chati za dawa kufunguliwa, idadi ya wafanyakazi wa kila zamu kubandikwa mlangoni ambako kila mgeni ataiona, na ripoti za wakaguzi kuchapishwa zikiwa na majina ya makao. Niko tayari kufika mbele ya maofisa wako nikaeleza zaidi, na wapo wauguzi na wahudumu wengine walio tayari, wakihakikishiwa kwamba hawatapoteza kazi kwa kusema. Naomba na majibu yako yawe ya wazi, ili ndugu za wakazi wayasome.

Wako katika utumishi,

Muuguzi wa makao ya wazee