Mjomba, zile dawa nilizokunyima

Mjomba, shikamoo.

Najua simu yako ni ya tochi, kwa hiyo wajukuu ndio watakaokusomea. Wakusomee hapo barazani, watu wakiwapo. Neno lenyewe si ulilisema mbele ya watu? Kwamba ulinisomesha kwa pesa za korosho, halafu nikaja kukunyima dawa kama mtu baki.

Ni kweli nilikunyima, hapa kwenye duka langu la dawa mjini Mtwara. Ilikuwa Februari 2021, wakati ule korona tunaiita "changamoto ya upumuaji", tena kwa sauti ya chini. Ulimtuma kijana wa bodaboda kutoka Naliendele na kikaratasi: azithromaisini dozi tatu, na deksa (deksamethasoni) "za kutosha". Nilimrudisha na pesa yako yote, nikampa parasetamo na ujumbe kwamba uje nikupime. Hukuja.

Kazi uliyonisomeshea ulikuwa unaijua: cheti kinaingia, dawa inatoka, kutwa mara tatu baada ya chakula. Mgonjwa wa kwanza nchini, wa huko Arusha, alipotangazwa Machi 16, 2020, mambo yakabadilika. Watu waliogopa hospitali, wakawa wanaishia kwangu. Wa presha walinipigia simu niwapelekee dawa nyumbani. Wenye kikohozi walisimama mlangoni wakisema wametumwa na jirani.

Nikanunua kipima oksijeni, kile cha kubana kidoleni. Siku moja akaingia mzee wa Chuno, kaja kwa miguu yake, anataka dawa ya mafua, na utani juu. Kikasoma asilimia 84. Nikafikiri ni vidole baridi. Nikamsugua mkono, nikabadili kidole, 84 tena. Mtu mzima anatakiwa awe 95 kwenda juu. Nilifunga duka, nikampakia kwenye bajaji hadi hospitali ya Ligula, naye njia nzima ananiuliza dawa yake ya mafua iko wapi.

Kabla ya hapo vitakasa mikono vilikuwa vimekwisha mjini, nikarudia mambo ya maabara ya chuo. Fomula ya Shirika la Afya Duniani kwa lita 10 ni hii: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini 145, zinazobaki ni maji yaliyochemshwa yakapoa. Unafunga, unaacha saa 72 ndipo ugawe. Mteja mmoja aliniuliza kama nipa, ile pombe kali ya kienyeji, haifai, maana kwao ipo madumu. Nikamwambia nipa hakuna anayejua nguvu yake, hata anayeipika. (Alicheka, lakini nadhani alikwenda kujaribu.)

Sasa turudi kwenye kikaratasi chako. Deksa ilipata sifa Juni 2020, utafiti wa Uingereza ulipoonyesha inapunguza vifo. Sifa ilifika Mtwara, masharti yakabaki njiani: iliwasaidia waliokuwa kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia. Asiyehitaji oksijeni haikumfaa kitu. Na wewe, Mjomba, una sukari. Deksa inapandisha sukari. Jina lako limo kwenye daftari langu, na vipimo vyako nimeviandika kwa mkono wangu. Azithromaisini nayo inaua bakteria, na kile kilikuwa kirusi. Mwaka huohuo wa 2021 watafiti walewale wakachapisha majibu kwamba haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa.

Najua ulizipata duka lingine. Kijana wa boda aliniambia, tena akicheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yako. Nikikataa mimi na jirani akauza, mimi nimepoteza mteja na mgonjwa amekunywa vilevile. Kukataa hakulipwi, Mjomba. Kumweleza mtu kwa nusu saa kwa nini asinunue, nako hakulipwi.

Chanjo ilipozinduliwa na Rais Samia, Julai 28, 2021, kuchoma nilisikia tu kwamba wenzetu wa Uingereza wanachoma humohumo famasi. Mimi nilichoma maneno. Wateja waliniuliza mbona dozi moja tu, mbona zingine mbili, eti itanizuia kuzaa? Nilijibu mpaka sauti ikakauka.

Msimu wa korosho ukija mjini mnadani, pitia dukani. Njoo asubuhi hujanywa chai, nikupime sukari kwanza. Kunigombeza utanigombeza baadaye, kiti kipo.

Mpwa wako.