Kabla hujaagiza kalipa kubwa, tuangalie kwanza mafuta ya breki

Hela za korosho zikishaanza kuingia meseji zetu hapa gereji Mtwara zinabadilika kabisa, zile za "fundi bushi za Noah shingapi" zinapungua zinaanza za "mkuu nataka kufunga Brembo kwenye Impreza yangu", yaani zile kalipa kubwa za kampuni ya Brembo (kalipa ndiyo kile chombo kinachobana pedi za breki kwenye diski). Sisi hatukatai kazi. Ila ukileta gari tukafungua kikopo cha mafuta ya breki tukakuta meusi tii, na pini za kalipa hazitembei, tutakwambia hapo hapo kwamba hiyo hela ya Brembo iweke kwanza, kuna kazi ya bei ndogo inayotakiwa itangulie.

Wanaouliza hivi ni wale wenye gari za mwendo kama WRX, Altezza, Mark X na kadhalika, wengine wana mpango wa kutoka na gari wakaiendeshe kwenye saketi ya ukweli, yaani njia ya mbio za magari, kama Kyalami kule Afrika Kusini, wengine ni otokrosi tu, yale mashindano ya kwenye kiwanja cha vumbi, na wengine tusidanganyane wanataka kuikimbiza kwenye lami ya kutoka Mingoyo kwenda Dar, hao tunawaambia wazi hatushauri maana kule kuna mbuzi, kuna bodaboda haina taa, kuna lori limeegeshwa bila pembetatu. Breki kubwa haikusaidii na mbuzi.

Sasa kwa nini saketi inaua breki ambazo mjini hazina shida yoyote? Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, na mwendo ukiongezeka mara mbili joto linaongezeka mara nne, yaani gari ile ile ukiisimamisha kutoka 160 diski zinameza joto mara nne ya ukiisimamisha kutoka 80. Mjini hapa unakanyaga breki pale Bima, unaenda taratibu mpaka Shangani, diski zimeshapoa. Kyalami mzunguko mmoja ni kama kilomita 4.5, unakanyaga kwa nguvu kona, unakandamiza mafuta, kona nyingine, mzunguko ukiisha unaanza mwingine, joto halipati muda wa kutoka. Hata kama saketi hujawahi kuiona, aliyewahi kushuka kutoka Newala gari imejaa watu na mizigo huku amekalia breki badala ya kushusha gia anaijua ile harufu.

Breki zikizidiwa kuna namna mbili na ukizijua hutapoteza hela. Ya kwanza, unakanyaga pedali inazama, laini, kama haina kitu chini. Hapo mafuta ya breki yamechemka, yametengeneza mvuke ndani ya paipu na mvuke unabanika, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Ya pili, pedali ni ngumu kabisa, mguu unasukuma kwa nguvu zote lakini gari inateleza tu mbele. Hapo ni pedi zimepita joto lake, zimepoteza kushika. Mtu wa kwanza ukimuuzia pedi za bei hujamsaidia, wa pili ukimbadilishia mafuta hujamsaidia, ndio maana tunauliza "pedali ilikuwaje" kabla ya kuuliza bajeti.

Kwenye mafuta ndipo sisi watu wa pwani tunaumia zaidi. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 (DOT ni alama ya daraja la mafuta, iko kwenye chupa), yanavuta unyevu, na hewa yetu huku mnaijua, chumvi ukiiacha wazi jikoni Mikindani jioni unaikuta imelia maji, basi na mafuta ya breki yanafanya hivyo hivyo ndani ya gari yako pole pole bila wewe kuona. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishashika maji kama asilimia 3.7 hivi kiwango chenyewe kinashuka mpaka 155. DOT 3 ni 205 yakiwa mapya, 140 yakishalowa. Hiyo 140 kwenye saketi unaifikia mapema sana. Kuna mafuta ya mashindano yanayozidi nyuzi 300 yakiwa mapya, yapo na tunaagiza, lakini hayo nayo yanataka kubadilishwa mara kwa mara, sio unaweka leo unasahau miaka miwili. Na tafadhali usinunue chupa iliyokwishafunguliwa eti umeuziwa robo kwa bei poa. Kitu kingine, DOT 5 sio ndugu ya 5.1, ile ni ya silikoni, usichanganye na haya mengine hata kidogo, namba tu ndizo zimefanana.

Halafu chumvi ya bahari. Juzi tumefungua gari moja nzuri tu, mbele ina rimu za kuvutia, ukichungulia kwa nje pedi inaonekana nene bado, ukitoa kalipa pedi ya ndani imekwisha imebaki chuma kinakwangua diski. Hii tunakutana nayo sana huku. Kalipa za kawaida zinatembea kwenye pini mbili, pini zikipata kutu zinaganda, kalipa haisogei, basi pedi ya upande wa pistoni inafanya kazi peke yake mpaka inakufa. Dawa yake ni kutoa pini, kuzisafisha, kubadilisha vile viraba vilivyochanika na kuweka grisi maalum ya breki. Grisi ya bearing hapana, inavimbisha raba halafu pini zinaganda upya.

Ukishamaliza hayo ndio tuongee pedi. Pedi za saketi zinavumilia joto ambalo za kawaida haziwezi, ila zikiwa baridi hazishiki vizuri, zinapiga kelele, zinatoa vumbi la kuchafua rimu na zinakula diski. Asubuhi unatoka nyumbani Chikongola mtoto anakatiza barabara, unataka breki inayoshika hapo hapo, sio mpaka ipate moto. Kwa gari inayotumika kila siku tunashauri pedi za kati, na kama una siku ya saketi beba seti ya pili ubadilishe ukifika. Pedi mpya lazima zizoeshwe na diski, unapunguza mwendo mara kadhaa kwa nguvu bila kusimama kabisa, halafu unaendesha bila kukanyaga ili zipoe.

Diski zenye matundu zinapendeza sana picha, kwenye saketi matundu ndipo nyufa zinapoanzia. Bora za mistari au hata za kawaida tu zenye upepo katikati, mradi ni OG. Na ziwe hazijafika unene wa mwisho, umeandikwa kwenye diski yenyewe, tafuta MIN TH.

Kalipa kubwa sasa. Kama gari yako kwa breki ilizonazo ukikanyaga sana ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge) inaanza kugonga, maana yake breki zina nguvu ya kutosha, kinachoshindwa ni tairi. Kalipa kubwa na diski kubwa faida yake ni kubeba joto jingi bila kuzidiwa, sio kufupisha kusimama mara moja. Ukifunga pistoni kubwa mbele tu bila hesabu, mbele inabeba kila kitu, nyuma inabaki inasindikiza, na gari inaweza kusimama mbali kuliko mwanzo. Kwa wenye Impreza na Forester za kawaida tunapenda zile kalipa za Subaru zenyewe za pistoni nne, za diski ya milimita 294, zinapatikana za mtumba kutoka Japani, tukizifufua vizuri kwa seti mpya ya raba zinafanya kazi. Brembo za STI, ile Impreza ya mwendo zaidi, diski yake ya mbele ni milimita 326, hapo rimu ya inchi 16 sahau, ni 17 kwenda juu, na hata 17 sio kila muundo unaingia.

Ukiwa huko huko saketi, mzunguko wa mwisho nenda taratibu, breki zipoe. Ukiegesha usivute hendibreki diski zikiwa za moto, weka gia na jiwe kwenye tairi.

Kuangalia mafuta, pini na unene wa diski tunafanya kwanza ndio tunakupa bei, ukileta asubuhi mchana unaondoka na jibu. Wale wa Brembo mje na rimu mnazotaka kutumia pamoja na spea tairi, tuvijaribu vyote kabla hujatuma hela, kwa sababu ile spea ndogo iliyokuja na gari mara nyingi haipiti kwenye kalipa kubwa, na pancha ya mbele pale Somanga saa nne usiku haina fundi wa Brembo.