Vipengele Vilivyosalia Katika Ghala la Ontolojia: Kwa Nini Tunavistaafisha Badala ya Kuvifuta

Wateja kadhaa wanaotumia ghala letu la pamoja la ontolojia (mpangilio rasmi wa dhana, vipengele vya data na uhusiano wake) wametuuliza kwa nini vipengele visivyojazwa tena na mfumo wowote bado vimo humo, na kwa nini ombi la kuvifuta hujibiwa kwa maswali badala ya kutekelezwa mara moja. Kero yao tunaielewa. Mtu anayeandaa fomu mpya hutafuta tarehe ya mapokezi, akaletewa vipengele vitatu vyenye majina yanayokaribiana, viwili vikiwa masalia ya miradi iliyokwisha, naye hana namna ya kujua kipi bado ki hai.

Masalia huingia kwa njia za kawaida kabisa: mradi hufungwa bila mtu wa kusafisha, toleo jipya la modeli hutoka na la zamani likabaki, au mtu huingiza ontolojia nzima kutoka nje kwa ajili ya dhana chache tu alizozihitaji. Hayo ya mwisho hayatusumbui, kwa kuwa asili yake iko kwa mwenyewe. Tunaingiza upya sehemu inayohitajika, basi.

Ugumu uko kwenye vipengele vinavyoonekana kuwa pacha. Chukua modeli ya ukusanyaji wa maziwa yenye kipengele kiitwacho kiasiChaMaziwa na kingine kiitwacho maziwaYaliyopokelewa. Vyote viwili hupokea namba, vyote vimeunganishwa na mkulima, kituo na tarehe, na cha kwanza hakijapata ingizo jipya tangu mfumo wa vituo ubadilishwe. Ukisoma majina peke yake, utaviunganisha. Ukifungua rekodi zenyewe, utakuta cha kwanza kilijazwa kwa lita, kwa sababu karani alipima kwa kopo, na cha pili kwa kilo, kwa sababu baadaye kituo kilinunua mizani. Lita 1,000 za maziwa ya ng'ombe zina uzito wa takriban kilo 1,030. Kuviunganisha kungepotosha hesabu za zamani kwa karibu asilimia 3, tofauti ambayo mkaguzi mwenye haraka hataiona lakini mkulima anayelipwa kwa mwezi ataiona.

Ndiyo maana kipengele kilichowahi kutumika hustaafishwa. Kitambulisho chake hubaki palepale na huwekewa alama ya owl:deprecated, yaani "kimestaafishwa", iliyomo katika OWL 2, lugha ya kuandikia ontolojia, tangu W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipoipitisha mwaka 2009. Fasili yake huongezewa sababu, tarehe na nafasi yake ya zamani katika ngazi (mpangilio wa dhana kutoka mzazi wa jumla hadi zilizo chini yake), kisha hutolewa kwenye utafutaji wa kawaida. Kikiwa na mrithi wa hakika, yaani kipengele kinachochukua nafasi yake bila kubadili maana, tunamwandika, na programu inaweza kuhamia kwake yenyewe. Pasipo na mrithi wa hakika, kama kwenye lita na kilo, tunaandika tu kipengele kinachoweza kufikiriwa kuwa mbadala, na uamuzi unabaki kwa binadamu.

Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Gene Ontology, mradi wa istilahi za baiolojia ulioanza mwaka 1998, huiachia istilahi iliyostaafishwa namba yake na haiipi istilahi nyingine namba hiyo. Schema.org, msamiati wa pamoja wa kuelezea data kwenye kurasa za wavuti, iliyozinduliwa mwaka 2011 na Google, Microsoft na Yahoo, ina sehemu ya pekee ya istilahi zilizoondolewa kwenye matumizi. Makala, kurasa na hifadhidata zilizokwisha kuandikwa zinarejelea vitambulisho hivyo, na hakuna awezaye kuzipitia zote kuzirekebisha.

Wapo wanaopendekeza masalia yote yarundikwe katika kundi moja liitwalo "mengineyo". Kwa maoni yetu ni afadhali vurugu ya awali, kwa kuwa kipengele kikihamishiwa humo bila maelezo hupoteza mzazi wake katika ngazi, na mara nyingi mzazi huyo ndiye aliyekuwa akibeba nusu ya maana.

Kabla ya kustaafisha chochote tunapekua modeli, data, maulizo (amri za kutafuta data) yaliyohifadhiwa na ripoti, kwani kipengele kisichojazwa na yeyote kinaweza kuwa bado kinasomwa na ripoti ya kufunga mwaka. Hapo tunawahitaji ninyi. Mnapoomba usafishaji, tafadhali tuleteeni orodha ya ripoti zinazotolewa mara moja kwa mwaka, jina la mhusika wa kila modeli na, zikipatikana, fomu za karatasi za zamani, maana mara nyingi kipimo kilichotumika kimeandikwa huko tu.