Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: mwanafunzi awepo pale ada inapopangwa

Lubumbashi

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kwa heshima kuhusu jambo moja tu, nalo ni nafasi ya mwanafunzi katika vikao vinavyoamua ada ya masomo na kalenda ya mitihani. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika mojawapo ya taasisi za elimu ya juu za mji huu. Jina lake silitaji, kwa kuwa nisemayo yanasikika pia kwa wenzetu wa taasisi nyingine.

Mwaka jana, asubuhi moja ya mvua, tulikuta tangazo limebandikwa kwenye valvu, ule ubao wa matangazo ulio nje ya ofisi, wino ukiwa umeanza kuchuruzika upande wa chini. Lilisema kwamba sehemu ya pili ya ada ilipwe kabla ya Ijumaa, na asiyelipa hataingia mtihani. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Tulimgeukia shefu wa promosheni yetu, yaani wa darasa letu la mwaka huo, ambaye ndiye mwakilishi wetu, tukamkuta amesimama katikati yetu akilipiga tangazo picha kwa simu, maana naye alikuwa analisoma kwa mara ya kwanza. Baadaye aliitwa ofisini. Tulidhani amekwenda kutusemea. Alirudi na agizo la kututaka tutulie. Mmoja wetu ni mtoto wa mama anayeuza makala, yaani mkaa, katika mtaa wa Katuba, na pesa inayoingia kwa gunia moja moja haikusanyiki kwa siku tatu. Lau mtu anayeijua hesabu ya mama huyo angekuwepo tarehe ile ilipopangwa, naamini ingesogezwa mbele wiki mbili, na taasisi ingepata pesa yake yote.

Mheshimiwa Waziri, vyuo vikuu vyetu vinaongozwa na kamati ya uongozi, wakiwemo rekta, yaani mkuu wa chuo, katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti. Sina ugomvi na kazi yao. Ninachouliza ni nani huwaeleza, kabla hawajatia sahihi, jinsi uamuzi utakavyomfikia mwanafunzi anayelala wanne chumba kimoja. Kwetu, majina ya viongozi wa wanafunzi hutoka ofisini, kisha sisi hutangaziwa.

Dai hili ni la zamani kuliko wengi wa walimu wetu. Machi 1964 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, katika mji ambao leo ni Kinshasa, waligoma wakitaka kushirikishwa katika uongozi wa chuo chao. Muungano wao wa kitaifa, UGEC, ulioundwa 1961, ulipigwa marufuku 1968, na uwanja ukaachiwa vijana wa chama tawala. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwafyatulia risasi wanafunzi walioandamana Kinshasa. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu, pamoja na cha hapa Lubumbashi, viliunganishwa kuwa UNAZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, vikatenganishwa tena 1981. Majina na mihuri vilibadilishwa, lakini swali la 1964 lilibaki bila jibu.

Hapa Lubumbashi tuna sababu yetu ya kulikumbuka. Mei 1990, kabla ya usiku ule wa tarehe 11 kuamkia 12, wanafunzi walikuwa wamewapiga wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali, kisha watu wenye silaha wakavamia kampasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Silinganishi siku zile na siku zetu, la hasha. Lakini mwakilishi aliyewekwa na ofisi bado huonwa kuwa sikio la ofisi, hata akiwa mtu mwema, na siku ya mvutano hakuna anayemsikiliza.

Wengine wamekwisha kuliandika dai hili katika sheria. Afrika Kusini, ambako vijana wengi wa Katanga huenda kusoma, sheria ya elimu ya juu ya 1997 inataka baraza la chuo kikuu liwe na wanafunzi ndani yake. Maprofesa wengine husema kwamba mwanafunzi ni mpita njia na kwamba atauza siri za mitihani. Kwa hilo la mitihani ninakubaliana nao: mwanafunzi asiingie kwenye juri inayojadili alama, na wengi wetu hata hatutaki. Ama hilo la kupita njia, mpita njia huyo ndiye anayelipa.

Kwa hiyo ninaomba utoe agizo kwamba kila promosheni ichague mwakilishi wake kwa kura ya siri, na kwamba wawili kati ya waliochaguliwa waketi, wakiwa na haki ya kupiga kura, katika kila kikao kinachopanga ada na tarehe za kulipa. Matumizi ya ada hiyo nayo yabandikwe kwenye valvu, mahali pale pale inapobandikwa tarehe ya mwisho ya kulipa, ikiwezekana chini ya paa.

Ibara ya 27 ya Katiba ya 2006 inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, nayo mamlaka ijibu ndani ya miezi 3. Inakataza pia mtu kushitakiwa kwa kuleta ombi kama hilo. Barua hii ni ombi la namna hiyo. Nakala yake nitaikabidhi kwa mkono katika ofisi ya elimu ya juu hapa mjini na kuomba mhuri wa kupokelewa, na miezi hiyo 3 nitaihesabu kuanzia tarehe ya mhuri.

Pokea, Mheshimiwa Waziri, salamu zangu za heshima.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Lubumbashi