Mwanangu, Anza na Mwili

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Unasema ukizima taa tu kichwa kinaanza kazi: ulichomwambia mkuu wako, alivyokutazama, alimaanisha nini, kesho itakuwaje. Unajijibu, kisha unajiuliza upya lile lile. Umejiambia "acha kuwaza", lakini wapi!

Haiwezi kusaidia, mama. Hofu haibishiki. Ukiipelekea hoja moja inakurudishia tatu, na ikifika saa nane za usiku umechoka na hujamaliza hata jambo moja. Nakuomba uache kubishana nayo, uushughulikie mwili kwanza.

Kinachotokea ni hiki. Ubongo ukihisi hatari, hata ya kufikirika tu, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda juu kifuani na kuwa fupi, taya na mabega hukaza. Ubongo nao husikiliza mwili muda wote. Ukiusikia moyo unavyodunda, unaamini kwamba hatari ipo kweli, na hofu inazidi. Moyo huwezi kuuamrisha upunguze mwendo. Pumzi unaweza, na moyo huifuata.

Usiniamini kwa maneno matupu, jaribu sasa hivi. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono wa pili, chini kidogo ya shina la dole gumba, mpaka uyapate mapigo. Vuta pumzi taratibu kwa pua, halafu itoe taratibu zaidi. Ukitulia utayahisi yakiharakisha kidogo unapovuta, na kupunguza mwendo unapotoa. Si ugonjwa. Ndivyo moyo wenye afya unavyofanya, na kwa kijana kama wewe huonekana wazi zaidi.

Anayeushika moyo hivyo ni neva ya vagasi, yaani mshipa mmoja wa fahamu, inayotoka chini ya ubongo, ikapita shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi aliichokoza neva hiyo kwenye moyo wa chura, mapigo yakapungua. Akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule, akayatia kwenye moyo wa chura mwingine, na huo nao ukapunguza mwendo. Kumbe utulivu una dawa yake, na mwili huitengeneza wenyewe. Jambo hilo hunipa moyo kila ninapokufikiria wewe huko, macho makavu usiku wa manane.

Sasa zoezi lenyewe. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, utapata pumzi kama 6 kwa dakika, na hizo zinatosha. Fanya kwa dakika tano hivi. Tumbo liinuke, mabega yatulie. Watu watakwambia "vuta pumzi ndefu", na mimi ushauri huo siupendi kwa sababu umeishia nusu. Mwenye hofu akiambiwa hivyo huvuta hewa nyingi, kwa nguvu, tena na tena. Kabonidayoksaidi kwenye damu inashuka, anapata kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, anadhani anakufa, na hofu inapanda maradufu. Kazi yote iko kwenye kutoa. Vuta kiasi, toa polepole, kama unayepuliza uji usimwagike. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti ambamo watu walivuta pumzi mara mbili mfululizo, kisha wakaitoa taratibu mpaka ikaisha, dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja. Hisia zao njema ziliongezeka kuliko za wenzao waliokaa kimya wakiitazama tu pumzi ikiingia na kutoka.

Kuna wanaozidiwa na hofu wanapoiangalia pumzi. Ukiwa mmoja wao usijilazimishe. Amka, simama peku, sikia nyayo zinavyoikandamiza sakafu, kisigino kwanza, halafu vidole. Au tembea chumbani taratibu.

Misuli pia. Daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyefanya kazi Chicago, alichapisha mwaka 1929 njia ya kulegeza mwili kwa zamu. Watu wengi bado wanafundishwa hivi: kaza nyayo kwa sekunde chache, ziachie, kaa na ule ulegevu kwa muda mrefu kuliko ulivyokaza, kisha panda kwenye mashavu ya miguu, mapaja, tumbo, ngumi, mabega, uso. Usikaze hadi kuuma. Na chunguza taya sasa hivi unaposoma: meno yamegusana? Yaachanishe, ulimi uache ulale. Wewe tangu utotoni hofu yako hukaa tayani.

Mazoezi haya yafanye mchana ukiwa mzima, siyo kusubiri usiku mbaya, maana mwili hujifunza kwa kurudia. Mawazo yatarudi, nayo usiyahesabu kama kushindwa. Rudi tu kwenye kutoa pumzi. Lile la mkuu wako liandike kwenye karatasi, ulitazame kesho ukiwa umekula na jua limetoka. Kahawa ya jioni iache.

Tena kuna mahali mazoezi hayatoshi. Wiki zikipita hulali, huli vizuri, au kazi zinakushinda, muone daktari umweleze yote. Mwambie pia kuhusu moyo kwenda mbio, kwa kuwa tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta dalili zinazofanana kabisa na za wasiwasi. Maumivu ya kifua au kuzimia usiyangojee hata siku moja. Na ukijiwa na wazo kwamba afadhali usingekuwepo, niamshe saa hiyo hiyo, hata iwe alfajiri, kisha twende hospitali.

Kesho jioni nitakupigia. Lala chali kitandani, simu iweke kwenye spika, tuanze na nyayo.

Baba yako