Taarifa ya mwaka 2025 kwa wanachama wote wa chama chetu cha kinamama wauza viatu Mwanza, kutoka kwa mwenyekiti wenu

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Wengi mlikosa kikao cha Jumapili kwasababu ya mvua na wengine mlikua njiani kutoka Kariakoo na mzigo, ndo maana naandika hapa kila mtu asome kwa nafasi yake. Mahesabu yote mweka hazina ameshayaandika kwenye daftari, lipo dukani kwangu Makoroboi, njoo uangalie mda wowote.

Biashara kwanza. Mwaka haukua mwepesi. Viatu vya chini, simpo na sendo, vimetembea, skuna za kisigino zimelala mpaka msimu wa harusi, na zile siku za mwisho wa Oktoba intaneti ilipokatika tulikaa tu tunaangaliana maana siku hizi wateja wengi wanatuona kwenye status. Wenzetu wawili walikua wameingia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, mmoja kachukuliwa mpaka friji, tukatoa kwenye mfuko wa jamii tukawalipia na sasa wanarudisha kidogo kidogo bila riba. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayokopeshwa vikundi, ambayo kinamama tuna asilimia 4 humo, fomu tumejaza na tunasubiri.

Sasa viatu vya shule.

Mnakumbuka mwaka jana tulivobeba viroba viwili tukaenda shule moja ya msingi upande wa Sengerema. Kila mtu alitoa alichonacho, vilivyokaa stoo, vilivyopauka na jua pale mbele ya meza, vingine vya kisigino kabisa, mtoto wa darasa la tano jamani tukampelekea kiatu cha kisigino. Kuna binti nilimvalisha mimi mwenyewe. Mguu ukagoma. Akakanyaga nyuma ya kiatu kikalala, akasimama wima, akaniambia kimenitosha mama, asante. Aliogopa nikikivua hatapata kingine. Mpaka tunafika kivukoni sikuongea na mtu. Sisi ambao mteja akisema kinanibana kidogo tunapanda juu ya stuli kumtolea namba nyingine, mtoto yule hatukumuuliza hata anavaa namba ngapi.

Ndo Februari tukakubaliana, kila jozi ukiuza unaweka shilingi 500 pembeni, na hakuna kiatu kitakachotoka kwa jina la chama kama mguu haujapimwa. Nawashukuru sana maana kuna wiki mtu unauza jozi tatu tu na bado mia tano zake zinaletwa.

Kupima tulipimaje? Mama yetu mmoja wa Igoma alikumbusha kitu cha zamani, kwamba kijijini mtu akienda mnadani alikatiwa kijiti cha urefu wa mguu wa mtoto, akifika anakitumbukiza ndani ya kiatu, kikilala bila kupinda na mbele ikabaki nafasi ya kidole gumba basi ananunua. Tukafanya hivohivo. Mwishoni mwa Julai tulivuka daraja la Kigongo–Busisi, lilikua na mwezi na kidogo tu tangu lifunguliwe, kilomita tatu zile ambazo mwaka jana tulisota foleni ya kivuko tukazimaliza kwa dakika chache. Tulipima mchana baada ya vipindi maana mguu wa asubuhi ni mdogo kuliko wa jioni. Mtoto anasimama kwenye boksi lililokunjuliwa, uzito wote chini ili mguu utanuke, unalaza kijiti kutoka kisigino mpaka kidole kirefu, unakata, unaandika jina kwa peni. Tulirudi Mwanza na vijiti 112 kwenye boksi la viatu. Mguu wa sentimita 23 tunajua ni kiatu namba 36, mwingine hivohivo, na wale miguu mipana tukawawekea alama nyekundu.

Nesi wa zahanati ya pale alitukalisha akatueleza kuhusu safura, kwamba minyoo yake inapenya kwenye ngozi ya mtoto anaetembea peku kwenye udongo wenye kinyesi, inamnyonya damu mpaka anasinzia darasani. Ila akasema wazi kiatu bila choo ni kazi nusu, na kichocho ndo kabisa, mtoto akiingia ziwani kiatu anakiacha ufukweni. Naomba tukisimama mbele ya watu tuyaseme yote mawili tusijisifie viatu peke yake. Na wanaouliza mbona shule ni bure, ni kweli tangu 2016 ada hakuna mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita, ila sare na viatu ni juu ya mzazi.

Kitu kingine tulichojifunza ni soli. Kiatu cha gundi tupu kwa njia za kule, mawe na matope, kinabanduka mapema sana. Safari hii kila jozi ilipita kwa fundi kwanza, akapiga mshono kuzunguka soli kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Imetuongezea gharama na kuna waliolalamika kwenye kikao, nawaelewa, ila nitaendelea kuutetea mshono.

Septemba tukapeleka. Yule binti alikuwepo, kijiti chake kilikua cha namba 37. Kile kiatu cha mwaka jana alimpa mdogo wake, na mdogo wake siku hiyo alikua amekivaa, amekipiga kiwi kinang'aa. Picha za nyuso hatukupiga, tulipiga za miguu tu, na itabaki hivo hata mfadhili akitaka vingine.

Siku hiyohiyo mama mmoja mzazi akanivuta pembeni akasema mimi msiniletee viatu, nifundisheni kushona. Alikuja kukaa na fundi wetu wiki tatu, analala kwa mweka hazina. Sasa hivi ana sindano zake na uzi wake chini ya mwembe nje ya shule, anashonea watoto wote. Kinamama wa dagaa pale Mwaloni wamesikia wakatuita tuwaelezee tunavochangishana, na mafundi cherehani wa Mabatini wameanza na sketi za shule, nao wanapima kwanza. Wabeja sana kwenu wote, kila 500 yenu ipo humo.

Januari shule zinafunguliwa na tumeongeza shule ya pili, walimu walishatuletea vijiti. Viko kwenye boksi juu ya kaunta yangu, kila mwanachama achukue vinne. Ukipata kiatu chake kifunge pamoja na kijiti chenye jina, usivitenganishe, na vifike kwa fundi kabla ya Jumamosi ya tarehe 3.