Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Madai Yetu ya Vikwazo dhidi ya Rosatom

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha Waswahili, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za mwaka 2024. Kama mlivyoazimia katika mkutano mkuu uliopita, nguvu zetu nyingi zilielekezwa kwenye dai moja, nalo ni kwamba Umoja wa Ulaya, na kwa upande wetu Ujerumani tunakoishi, iiwekee vikwazo Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi, kwa sababu ya ushiriki wake katika kukikalia kwa mabavu kituo cha nyuklia cha Zaporizhzhia nchini Ukraine. Mapato na matumizi yataelezwa na mweka hazina.

Kituo cha Zaporizhzhia kipo katika mji wa Enerhodar, kando ya mto Dnipro, kina vinu 6 vya nyuklia, na ndicho kikubwa kuliko vyote barani Ulaya. Majeshi ya Urusi yalikiteka usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2022, katika mapigano yaliyowasha moto kwenye jengo lake la mafunzo. Oktoba mwaka huohuo Rais Putin alitia saini amri ya kukitangaza kuwa mali ya Urusi, na Rosatom ikaunda kampuni ya kukiendesha. Tangu tarehe 1 Februari 2024, wafanyakazi waliobaki na mwajiri wao halali, Energoatom ya Ukraine, hawaruhusiwi kuvuka lango la kituo. Watu waliosomea kazi hiyo na kuifanya kwa miaka mingi wametakiwa kuchagua kati ya mkataba wa mvamizi na kukaa nje. Kwa maoni yangu, hilo peke yake lingetosha kuifanya Rosatom iwajibishwe, kwa kuwa usalama wa kinu hutegemea watu kama unavyotegemea mitambo.

Wapo waliouliza hatari iko wapi ikiwa kituo hakizalishi umeme tangu Septemba 2022. Hatari ni kwamba fueli ya nyuklia, hata baada ya kinu kuzimwa, huendelea kutoa joto, na joto hilo lazima liondolewe kwa maji yanayosukumwa na pampu usiku na mchana. Pampu zinahitaji umeme, na kituo ambacho kabla ya vita kilikuwa na njia 10 za umeme wa msongo mkubwa kilitegemea 2 tu mwaka 2024. Hadi mwisho wa mwaka 2023 kilikuwa kimekatikiwa umeme wote wa nje mara 8, na kila mara kilichobaki kati ya fueli hiyo na maafa ni jenereta za dizeli. Maji nayo yamepungua: bwawa la Kakhovka lilipobomolewa tarehe 6 Juni 2023, hifadhi iliyokuwa ikilisha kidimbwi cha kupozea ilikauka, na sasa kituo kinapata maji kwenye visima 11 vilivyochimbwa baada ya hapo. Tarehe 11 Agosti 2024 tuliona kwenye picha moshi mweusi ukitoka katika mnara mmoja wa kupozea. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki wamekuwapo kituoni tangu Septemba 2022, nao hueleza wanachokiona, lakini hawana mamlaka ya kumwondoa mwanajeshi hata mmoja. Mamlaka ya kumbana anayefaidika na hali hiyo yako mikononi mwa serikali zinazonunua bidhaa zake.

Hapo ndipo Ulaya inapojikwaa. Makaa ya mawe ya Urusi yalipigwa marufuku, na mafuta yake yanayoletwa kwa meli pia. Rosatom yenyewe, pamoja na Bunge la Ulaya kudai hivyo zaidi ya mara moja, haimo katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Ulaya. Vikwazo vinahitaji kauli moja ya nchi zote wanachama, na Hungaria, ambako Rosatom ina mkataba wa kujenga kituo cha nyuklia cha Paks II, ilisema wazi kwamba itapinga. Nchi 5 za Umoja zina vinu vya muundo wa Kirusi ambavyo kwa miaka mingi vilitegemea fueli kutoka Urusi. Hata hivyo Finland imeanza kutumia fueli ya kampuni ya Kimarekani ya Westinghouse katika kituo cha Loviisa, na Ukraine yenyewe ilianza kuihama fueli ya Urusi kabla ya vita hivi. Kwa hiyo wanaotuambia kwamba hakuna njia nyingine hawatutendei haki.

Marekani imechukua hatua ndefu zaidi. Tarehe 13 Mei 2024 ilitunga sheria ya kuzuia urani iliyorutubishwa, yaani iliyochakatwa ili iwe fueli ya vinu, kutoka Urusi, ingawa sheria hiyo inaruhusu misamaha hadi mwisho wa 2027, na tarehe 10 Januari 2025 iliwawekea vikwazo viongozi wa Rosatom, akiwamo mkurugenzi mkuu, Alexey Likhachev.

Kazi yetu kubwa ilikuwa Lingen, katika jimbo la Niedersachsen. Ujerumani ilizima vinu vyake 3 vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023, kimojawapo kikiwa hapohapo Lingen, lakini kiwanda cha fueli cha mji huo, kinachomilikiwa na kampuni ya Kifaransa ya Framatome, kinaendelea na kazi na kimeomba kibali cha kutengeneza fueli ya vinu vya Kirusi kwa ushirikiano na tawi la Rosatom. Framatome inasema mradi huo utaipunguzia Ulaya utegemezi kwa Urusi. Sisi tulijibu kwa maandishi kwamba utegemezi haupungui kwa kumkaribisha muuzaji yuleyule kuja kuuza ndani ya nyumba yako.

Sheria ya hapa inampa mtu yeyote, raia au mgeni, haki ya kuwasilisha pingamizi lenye jina na anwani yake. Jambo hilo la jina na anwani liliwatia wasiwasi baadhi yenu, hasa wenye vibali vya muda vya kuishi, na katika kikao chetu cha Februari mama mmoja aliyekuwa ameshajaza karatasi yake aliiweka chini, akauliza kama ofisi ya wageni ingeiona. Mwanachama wetu aliyesomea sheria alikaa naye, akamsomea kifungu kimoja baada ya kingine, na mwishowe mama huyo alitia saini, kisha akawachukulia majirani zake karatasi nyingine. Pingamizi zetu zilijiunga na nyingine takriban 11,000 zilizoifikia wizara ya mazingira ya jimbo, na Novemba 2024 wizara hiyo iliwasikiliza hadharani waliopinga. Waziri Christian Meyer ameeleza waziwazi kwamba anaupinga ushirikiano huo, lakini uamuzi hautolewi na jimbo peke yake, na hadi naandika taarifa hii haujatolewa.

Tumeulizwa mara nyingi, na Wajerumani na hata ndugu zetu, Waswahili wanahusika vipi. Wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, kuna madini ya urani ya Mto Mkuju, na mwenye leseni yake ni kampuni iliyo chini ya Rosatom. Eneo la mradi lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, hadi mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia, ikikutana St. Petersburg nchini Urusi, ilipokubali mpaka wa urithi huo ubadilishwe ili eneo hilo litolewe. Mtanzania anayetaka kujua mwenendo wa shirika hilo huko Enerhodar anaulizia mshirika aliyekwisha kupewa ardhi nyumbani kwake. Sitaki chama hiki kipingane na watu wa Namtumbo wanaotarajia ajira, na sijawahi kusema kwa niaba yao. Ninachoomba ni kwamba maswali tunayouliza hapa kuhusu usalama, wafanyakazi na uwajibikaji yawafikie nao kwa Kiswahili, ili wawe nayo mkononi watakapokaa na mwekezaji.

Tarehe 14 Februari 2025 droni ilitoboa paa kubwa la chuma linalofunika kinu kilicholipuka Chernobyl, pia nchini Ukraine, mwaka 1986. Kamati iliketi jioni ileile, na inaleta kwenu maazimio mawili. La kwanza ni kila tawi lionane ana kwa ana na mbunge wake katika Bundestag, yaani bunge la Ujerumani, kabla ya mwisho wa Juni, kudai Ujerumani iunge mkono vikwazo kamili dhidi ya Rosatom na kwamba kibali cha Lingen kikataliwe. La pili ni kuandaa kijitabu cha Kiswahili kuhusu urani na haki za wakazi wa maeneo ya machimbo, kwa gharama itakayoelezwa na mweka hazina. Naomba mkutano uipokee taarifa hii, uijadili, kisha uyapigie kura maazimio hayo, moja baada ya jingine.

Mwenyekiti